Chati ya ubongo wa chiriku: mchoro safi, majina yanataka gundi

Seti hii inauzwa Kariakoo kwa walimu wa baiolojia wa kidato cha tano na sita na wa vyuo. Ndani yake mna chati ya ukutani ya ukubwa wa A1, kielelezo cha plasta kilichokuzwa mara 10, na kijitabu cha maelezo kwa Kiswahili. Ubongo unaoonyeshwa ni wa chiriku milia wa Australia, yule mdogo wa mdomo mwekundu ambaye maabara nyingi humtumia kuchunguza namna ndege anavyojifunza wimbo. Kwa mwenye haraka: chati inunulike, kielelezo kirekebishwe, kijitabu kisiingie darasani bila kalamu nyekundu.

Kubwa kuliko yote ni jina. Kishada cha seli za neva kinachoongoza wimbo huitwa HVC, na chati imeandika chini yake "Kituo cha Juu cha Sauti". Linaleta maana, na hata wataalamu walilitumia kwa miaka, ila si jina lake. Mtafiti Fernando Nottebohm na wenzake walipoeleza njia ya wimbo katika ubongo wa kanari mwaka 1976, walidhani eneo hilo limo katika tabaka lililoitwa haipastriatamu. Wakalipa jina la Kilatini la tabaka hilo, upande wa chini, sehemu ya nyuma. H, V na C zimetoka humo. Baadaye ikabainika kwamba lilikuwa tabaka jingine kabisa. Lakini herufi zilikuwa zimeshaenea kwenye majarida, basi zikatafutiwa maneno mapya ya kuzijaza, ndipo hicho "kituo cha juu" kikazaliwa. Wataalamu wa ubongo wa ndege walikutana Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, mwaka 2002, na maazimio yao yakachapishwa 2004: HVC ni jina kamili, herufi tatu zisizofupisha kitu. Mwanafunzi akiuliza kirefu chake, aambiwe hakina.

Mkutano huohuo uliondoa majina yenye "striatamu" yaliyokuwa yamejaa kila kona, kwa sababu yalibeba imani ya zamani kwamba ubongo wa ndege karibu wote ni wa silika tu. HVC leo huwekwa katika tabaka la nidopaliamu. Kishada cha RA, kinachopokea amri za wimbo kutoka HVC na ambacho chati bado inakiweka katika "akistriatamu", kimo katika akopaliamu. Bahati nzuri maneno yote mawili yanaanza na A, hivyo herufi zake zilipona. Kichekesho ni Eneo X, kishada kingine cha njia ya wimbo: mfasiri ameisoma kama namba ya Kirumi na kuandika "Eneo la 10". Hakuna eneo la 9 wala la 11. Ni herufi eksi.

Neno "kiini" nalo lina mtego. Chati inasema "kiini cha HVC", na kijana aliyekariri kiini cha seli tangu kidato cha kwanza ataelewa HVC ni sehemu ya seli moja, kumbe ni maelfu ya seli zilizosongamana. "Kishada" linamfikisha salama zaidi.

Dawa ni vibandiko vyeupe vya sentimita 2 kwa 5 na kalamu ya wino usiofutika. Andika, acha wino ukauke, ndipo ubandike. Vibandiko vinne vinatosha: HVC bila kirefu, RA, Eneo X, na kichwa cha chati kinachosema "viini".

Mishale ni safi nusu. Njia ya kuimba imekaa sawa: HVC hadi RA, RA hadi shina la ubongo, kisha neva hadi sirinksi, kiungo cha sauti cha ndege. Na sirinksi imechorwa mahali pake, pale bomba la hewa linapogawanyika kwenda mapafu mawili, si kooni juu kama michoro mingi inavyokosea. Njia ya pili, ya kujifunza, inatoka HVC kwenda Eneo X, inapitia thalamasi (kituo cha kupitishia ishara ndani ya ubongo), inafika kishada cha LMAN, halafu inakatika. Umesahauliwa mshale wa LMAN kwenda RA, na bila huo hakuna mwanafunzi atakayeeleza kwa nini kinda akiharibiwa LMAN wimbo wake hukwama, ilhali mkubwa aliyekwisha kuujua huendelea kuimba karibu kama kawaida. Uchore kwa rangi tofauti. Nyekundu imeshatumika kote.

Kielelezo kinafunguka katikati kama dafu, na HVC imepakwa kwenye uso huo wa katikati. Hapo sipo. Kwa chiriku milia iko karibu milimita 2.4 kutoka mstari wa kati, kila upande, juu kabisa upande wa nyuma. Kwa kuwa kielelezo kimekuzwa mara 10, pima milimita 24 kwa rula kushoto na kulia, upake alama mbili. Ziwe bapa, si duara kama gololi. Tumia rangi ya mafuta. Ya maji hunyonywa na plasta ikatambaa.

Kijitabu kinasema ukipoza HVC "wimbo unazimika". Haikuwa hivyo. Jaribio la watafiti Long na Fee la 2008 lilionyesha kwamba baridi hurefusha wimbo, mpangilio wa silabi ukibaki uleule, na kupoza RA hakuleti mwendo huo wa pole. Ndiyo sababu HVC huhesabiwa kuwa mshika mapigo. Mwaka 2002 ilishapimwa kwamba seli zake zinazoelekea RA hufyatuka mara moja tu katika kila mzunguko wa wimbo, kwa takriban milisekunde 6, kama mpiga ngoma anayesubiri pigo lake moja ngoma nzima. Maelezo haya hayamo kijitabuni, na ndiyo utamu wenyewe.

Kuhusu HVC, kinasema pia "ndege wote wanayo" na "jike hana". Kuku na njiwa hawana. Kunguru wa Dar, kwa makelele yake yote, yumo katika kundi la ndege waimbaji, hivyo anayo. Jike wa chiriku milia anayo, ila ndogo kuliko ya dume, na haimbi. Na ndege aitwaye kitaalamu Plocepasser mahali, anayepatikana hata nyika za Tanzania, dume na jike huimba kwa kupokezana. Utafiti uliochapishwa 2019, uliofanywa Afrika Kusini, ulirekodi HVC za wawili hao porini wakiimba pamoja.

Karatasi ni nzito na wino haujachuja. Plastiki ya juu, hata hivyo, imekatwa sawasawa na ukingo wa karatasi, na kwa unyevu wa Dar itaanza kubanduka pembeni. Duka la steshenari likuwekee plastiki upya pande zote mbili, ikizidi ukingo kwa sentimita 1, na matundu ya kuning'inizia yatobolewe kwenye hiyo ziada, si kwenye karatasi. Kabla ya kulipa, fungua kielelezo pale dukani: pini za kuunganisha ni za plastiki nyembamba, na iliyovunjika haina ya akiba ndani ya boksi.