Gari la majitaka: nimekodi miezi 8 afu nikanunua, haya ndo niliyoyaona

Wakuu, kila mwezi hakosi mtu wa kuniuliza anunue gari la kunyonya vyoo au akodi kwanza, sasa naandika mara moja yaishe. Mi niko Tabata hapa Dar, nimekodi miezi 8, baadae nikanunua Fuso yangu, na kote huko nimepata hela na kote nimelia.

Nilikuwa nakodi Isuzu ya lita 5,000 ya mzee mmoja wa huku mtaani, 150,000 kwa siku gari tupu, yaani dizeli juu yangu, dereva wa deiwaka juu yangu, utingo juu yangu. Tripu nachaji 110,000. Haya piga hesabu, tripu mbili ni 220,000, toa ya mzee, toa dizeli kama 50,000, toa ya vijana 35,000, ushakula hasara hapo na hela ya kumwaga mzigo kwenye mabwawa ya majitaka Vingunguti hujaitoa bado. Tripu ya tatu ndo ugali wako. Na hiyo ya tatu wala haitaki ujanja, inataka foleni ikuonee huruma, maana ukipokea kazi ya Mbezi Beach saa nne asubuhi jua siku imekwenda, unatoka kule na mzigo mgongoni, barabara ya Mandela imesimama, unakuja kushtuka saa tisa na mteja wa Segerea kashaita gari lingine. Mwisho nikawa nakataa kazi za mbali hata mtu akiongeza hela.

Ila kukodi kuna raha yake. Gari likigoma unapiga simu, "shikamoo mzee wangu, gari limezima hapa Relini", anakuja na fundi wake we uko pembeni unakunywa chai. Kiangazi simu zikipungua nilikuwa nachukua gari siku kumi tu kwa mwezi, siku zingine lipo kwake halinidai. Kilichoniudhi ni bomba, gari lilikuja na mita 20, sasa nenda Manzese huko, gari linaishia barabarani choo kiko nyuma ya nyumba ya tatu. Nikaazima vipande tukaunga mpaka kama 45, pampu ikanguruma weee kinachokuja ni upepo, kumbe bomba likiwa refu hivyo na uchafu wenyewe mzito, umejaa nailoni na matambara, gari halivuti mpaka umwagie maji ukoroge kwanza. Mteja akatutimua.

Nilinunua nilipopata gesti mbili na shule moja za kunyonya kila mwezi. Bila hizo nisingethubutu. Fuso ilisimama kwenye milioni 52 na makaratasi yote, na ukigawa kwa kodi ya mzee ya siku 26 kwa mwezi ni kama miezi 13 hivi, hesabu tamu kweli kwenye daftari. Ila daftari halijui tairi, halijui bima, halijui ile wiki mbili gari limepaki kwa sababu hamna simu. Masika ndo msimu wetu, lakini nako mvua ikishuka usiku kuna watu wanatapisha vyoo kwenye mtaro, kazi yangu inaelea hivi hivi naiona.

Ukienda kuangalia gari, liwe la kukodi au kununua, achana na rangi. Dalali alinionyesha moja inang'aa kama basi la mkoani, nikagonga chini ya tenki kwa spana, mbele inalia ngaa, nyuma inalia kama boksi, kutu tupu imefukiwa na rangi. Afu mwambie afunge valvu zote awashe pampu, angalia mshale wa geji unavyoshuka, azime, ukae dakika kumi bila kuongea na mtu. Mshale ukirudi wenyewe kuna sehemu panavuja, kama ni mpira wa mfuniko sawa, kama ni pampu kimbia. Mwenye gari akianza kukuharakisha hapo ushapata jibu.

Na usibebwe na tenki kubwa. Tenki la lita 10,000 likijaa ni kama tani kumi za mzigo bila uzito wa gari, uchochoro gani utakubeba? Mi yangu ni 6,000 na bado kuna mitaa Buguruni naishia kuangalia.

Kwa hiyo kama huna wateja wa kudumu kodi, tena kodi masika, uone kama tripu tatu kwa siku unazipata. Kama unazo gesti na shule zako nunua, ila weka pembeni hela ya pampu kabla hujaweka ya rangi. Hili nalisema kwa uchungu, Jumanne utingo wangu alikuwa na simu mkononi, kioo cha ujazo kichafu haoni kitu, tenki likajaa uchafu ukapanda mpaka kwenye pampu, bledi zote chali. Shule ilikuwa inanisubiri Alhamisi. Nikampigia yule mzee, shikamoo mzee wangu, akacheka sana, afu akaniambia siku hizi ni 180,000.