Gereji walisugulia mkanda sabuni, halafu wakaniuzia altaneta

Jamani nina hasira, naandika hivi hivi. Gari yangu ni Toyota IST, ile baridi ya asubuhi ya Dodoma katikati ya mwaka ikaanza kulia, ukiwasha tu inapiga mluzi mpaka majirani huku Area C wanachungulia, ukiwasha AC ndo inazidi. Nikaipeleka gereji moja ambayo wengi tunaenda, jina silitaji. Fundi mkuu akafungua boneti, hata kusikiliza hakusikiliza, akachukua kipande cha sabuni ya mche akausugulia mkanda (ule unaozungusha altaneta na pampu ya maji) injini ikiwa inazunguka, kelele ikakata. "Tayari dada." Tayari nini? Wiki haikuisha ikarudi vilevile.

Safari hii akasema altaneta, ile ya kuchaji betri, beringi imekufa. Nikamwonyesha mimi mwenyewe, chini ya pampu ya maji kuna michirizi ya pinki imekaukia kama chumvi, na kulanti yangu (maji ya kupozea injini) ni ya pinki, na kwenye kopo inapungua kila mara. Unajua alinijibuje? "Dada, nyie kazi yenu kuweka mafuta na kuendesha, haya mengine tuachieni." Mbele za watu, na wakacheka. Mwenye Noah aliyekuja nyuma yangu yeye anaitwa bosi na kiti anavutiwa!

Nikalipa altaneta ya mtumba na ufundi juu, laki na ushee, kabla sijafika nyumbani inalia.

Kuna mzee Chang'ombe anafanyia kazi chini ya mti, ana boksi la spana basi. Akataka aisikie ikiwa ya baridi, nikailaza kwake. Asubuhi akawasha, akamwagia mkanda maji kidogo ya chupa, akaniambia sikiliza, kelele ikizidi ujue mkanda umelegea, ikikata halafu ikarudi basi umechoka au puli, vile vigurudumu mkanda unapopita, hazijakaa mstari mmoja. Mluzi ukakata, ila chini yake ukabaki mkwaruzo kama wa kusaga, ule maji hayakuugusa kabisa. Akazima, akavua mkanda, akawasha kidogo sana (bila mkanda pampu haizunguki na betri haichaji, usijaribu kukaa nayo hivyo), kimyaaa, yaani kelele inatoka kwenye mkanda au vinavyozungushwa nao. Akazima tena akazungusha puli moja moja kwa mkono. Altaneta laini. Ya pampu akanishikisha mwenyewe, inakwaruza na inacheza ukiitikisa. Pampu ina kitundu chini, sili ya kuzuia kuvuja ikichoka kulanti inatokea pale, ikidondokea mkanda unateleza, ndo mluzi wote ule. Kwa hiyo altaneta yangu ya zamani ilikuwa nzima!! Akabadilisha pampu na mkanda, akajaza kulanti, gari kimya mpaka leo.

Sasa niwe mkweli, gereji ile breki walinifanyia vizuri na yule dogo wa matairi ana adabu, nilitaka kusema nendeni tu kwa kazi ndogo ndogo. Lakini hapana, nikikumbuka kile kicheko hapana, msiende hata kujaza upepo. Na kama gari yako pampu inazungushwa na taimingi belti huko ndani ndo kabisa, hiyo huioni kwa macho, hao watakuuzia injini nzima.

Nimewapigia wanirudishie altaneta yangu ya zamani, wanasema ilishachukuliwa na watu wa skrepa. Nzima ile! Hela nayo wanasema niongee na bosi, bosi hapokei.