Tathmini ya Miche ya Maua ya Kudumu Baada ya Miaka Mitatu

Miche sita niliyoinunua kwenye kitalu kimoja miaka mitatu iliyopita sasa imekaa bustanini muda wa kutosha kutathminiwa kwa haki, kwa kuwa mmea wa kudumu haupimwi kwa ua ulilokuwa nalo siku ya kununuliwa.

Kana (canna) imenifurahisha kuliko yote. Hata kabla haijachanua, majani yake mapana ya zambarau iliyokolea, ambayo jua la asubuhi likiyapenya hung'aa wekundu kama kitambaa chepesi, huipamba kona nzima. Na kwa sababu matunguu yake hutambaa chini ya ardhi yakitoa machipukizi kila upande, mche mmoja umekuwa kichaka nilichokwisha kukigawa mara mbili. Inahitaji jua la kutosha na udongo wenye mboji usiokauka.

Hemerokalisi (daylily) ya njano hulaumiwa kwamba ua lake hudumu siku moja tu. Lawama hiyo siikubali, kwani bua moja hubeba matumba mengi yanayofunguka kwa zamu, hivyo la jana likinyauka, la leo limekwisha kuchanua, na rangi haikatiki kwa wiki kadhaa. Mwenye paka, hata hivyo, asiipande kabisa, maana huharibu figo za mnyama huyo.

Gailadia ndiyo niliyoichagua kwa macho: petali nyekundu zenye ncha za njano, mithili ya makaa yaliyopulizwa. Miche yote miwili imekufa. Nilipoung'oa wa kwanza, mizizi yake ilikuwa ingali imejiviringa kwa umbo lilelile la kopo ulimouzwa, haikuwa imeingia katika udongo hata kidogo. Wa pili ulioza mvua zilipotuama. Kitalu kiliandika "ya kudumu" bila kueleza kwamba gailadia, ingawa ni ya kudumu, kwa kawaida huishi miaka michache tu na haivumilii udongo mzito unaotuamisha maji, na hilo naliona kuwa kosa la kweli kwa mnunuzi anayepanga bustani ya miaka mingi.

Kana na hemerokalisi nitazinunua tena hapohapo, ila nitaomba kwanza kuuchomoa mche kwenye kopo niione mizizi, na nitachagua wenye majani yenye afya na matumba yaliyofumba badala ya ule uliochanua tayari. Gailadia nitaiotesha mwenyewe kwa mbegu, kwenye tuta lililoinuliwa na kuchanganywa mchanga.