Blender na folda ya tmp: mapitio ya programu hodari inayoficha kazi iliyokwisha

Nimeitumia Blender, programu ya kutengeneza katuni na picha za 3D, kwa miaka minne hapa Moshi, katika chumba cha kupanga huko Majengo ambacho naita ofisi kwa sababu tu kina meza mbili na bango mlangoni, na kazi zinazonipa ugali ni katuni fupi za matangazo: nembo zinazozunguka, chupa zinazojimwaga, majina ya maharusi yanayochomoza kutoka kwenye maua. Wanaoiandikia programu hii huanza na ubora wa picha zake, na kwa hilo sina ubishi nao. Mimi nataka kuipima kwa swali moja dogo, ambalo wateja huniuliza kwa simu na vijana ninaowafundisha huniuliza wakiwa wamekodolea macho kioo: kompyuta ikishamaliza kurenda, yaani kuigeuza kazi uliyoipanga kuwa picha kamili, faili liko wapi?

Niseme kwanza ninachokikubali. Blender ni programu ya bure, na si bure ya siku thelathini kisha udaiwe. Ilianzia Uholanzi chini ya Ton Roosendaal katika miaka ya 1990, na kampuni iliyokuwa ikiimiliki iliposhindwa kuendelea, mwaka 2002 watu walichangishana euro 100,000 kwa muda wa wiki saba ili msimbo wake uachiwe huru, nao ukaachiwa mwezi Oktoba mwaka huo huo kwa leseni ya GPL, inayomruhusu yeyote kuutumia na kuubadilisha. Kwa mtu anayenunua kompyuta mpakato iliyotumika na kulipia bando kwa wiki, tofauti kati ya programu hii na zile za kulipiwa kila mwezi ni tofauti ya kuwa na kazi na kutokuwa nayo. Toleo ninalotumia ni 4.2, lililotolewa Julai 2024 kama toleo la kuungwa mkono kwa muda mrefu, na sikumbuki ni lini lilinizimikia bila kosa langu mwenyewe.

Sasa tuje kwenye swali. Ukilisakinisha toleo hili la Blender upya, ukatengeneza katuni yako na kuamuru irendwe bila kugusa mpangilio wowote, programu haitakuuliza uhifadhi wapi. Itatumia anwani iliyopangiwa tangu mwanzo, ambayo ni folda inayoitwa tmp. Kwenye Windows folda hiyo hukaa kwenye mzizi wa diski C, yaani C:\tmp, mahali ambapo mtu wa kawaida hapiti kamwe, kwa kuwa macho yake yamezoea Documents, Desktop na Downloads. Kwenye Linux ni /tmp, folda ya vitu vya muda, ambayo katika mifumo mingi husafishwa kompyuta ikizimwa na kuwashwa tena, kwa hiyo anayetumia Linux anaweza kuipoteza kazi yake bila hata kuwahi kuiona. Kwenye Mac folda hiyo ipo lakini imefichwa, na kuifikia kunahitaji ubonyeze Command, Shift na G kwa pamoja kisha uandike jina lake. Mafaili yenyewe hupewa namba tupu, 0001.png, 0002.png na kuendelea, bila jina la mradi wala la mteja, kiasi kwamba hata ukitafuta kwa jina la kazi yako hutapata chochote.

Niliyajua haya kwa gharama. Mteja wangu wa kwanza wa maana alikuwa mama mmoja anayepeleka wageni Mlima Kilimanjaro, na alitaka jua lichomoze mashariki, upande wa kilele cha Mawenzi, lipite juu ya kilele cha Kibo, kisha liwe nembo yake, yote kwa sekunde kumi. (Mchoro wa kwanza nilikuwa nimelichomoza jua upande wa Shira, magharibi. Aliutazama kidogo, akanisogeza dirishani, akaniuliza, “Mwanangu, wewe umezaliwa mji gani?”) Fremu 250, yaani picha moja moja zinazounda katuni, ambazo ndizo Blender hukupangia tangu mwanzo, ukizicheza kwa fremu 25 kwa sekunde zinatimiza sekunde kumi kamili, na kompyuta yangu ilichukua karibu dakika mbili kwa kila fremu, yaani zaidi ya saa nane. Niliamuru jioni, nikalala juu ya kochi, na asubuhi nikaikuta fremu ya mwisho ikimeremeta kwenye kioo. Nikaridhika, nikafunga programu, nikaenda kunywa chai.

Niliporudi nilitafuta kwenye folda ya mradi, kwenye Documents, kwenye Videos, hata kwenye folda ya muziki. Nikaamini kwamba programu haikuhifadhi kitu. Nikarenda upya, usiku wa pili, huku mama akipiga simu na mimi nikimwambia kwamba ipo inamaliziwa. Asubuhi ya pili mambo yakawa yale yale, ndipo nikampigia kaka mmoja anayetengeneza kompyuta jirani na stendi.

“Fungua diski C yenyewe, usiingie Documents,” akaniambia.

“Nimefungua.”

“Kuna folda inaitwa tmp?”

Ilikuwepo. Ndani yake zilikaa picha 250 zilizopangwa kwa utulivu, zote za usiku wa pili, kwa sababu zilikuwa zimeandikwa juu ya zile za usiku wa kwanza ambazo hazikuwa na kasoro yoyote. Kosa lilikuwa langu. Anwani ile ilikuwa imeandikwa kwenye kioo muda wote na sikuitazama. Hata hivyo nadhani programu inayoweza kukokotoa mwanga unavyodunda kwenye theluji ingeweza pia kuonyesha ujumbe wa mstari mmoja, kwamba kazi yako imewekwa mahali fulani.

Anwani hiyo huonekana upande wa kulia wa kioo, kwenye safu ya vichupo vya mipangilio, katika kichupo chenye alama ya printa. Wengi hukifungua kile chenye alama ya mgongo wa kamera, kwa sababu ndicho cha ubora wa picha, kisha hushangaa kwamba hawaioni. Chini ya kichwa kilichoandikwa Output utakuta kisanduku cha maandishi chenye alama ya folda pembeni, na kuna jambo moja zuri ambalo limefichwa bila sababu: ukishikilia Alt na kubofya alama hiyo, folda yenyewe hufunguka kwenye kompyuta yako, na hapo ubishi huisha. Njia nyingine ni kubonyeza Ctrl na F11, na Blender itaicheza katuni iliyoko kwenye anwani ya sasa. Ikichezeka, ujue mafaili yapo na ni wewe tu usiyejua njia ya kuyafikia.

Lazima nitofautishe hapa mambo mawili ambayo wanaoanza huyachanganya. Ukibonyeza F12, Blender hurenda picha moja na kuionyesha, lakini haiihifadhi popote. Picha hiyo huishi kwenye kumbukumbu ya kompyuta mpaka uihifadhi mwenyewe kupitia menyu ya Image, na ukifunga programu imekwenda. Ukibonyeza Ctrl na F12 ndipo hurenda katuni nzima na kuandika kila fremu kwenye folda. Kijana mmoja ninayemfundisha aliitafuta kwenye C:\tmp picha ya bango aliyoirenda kwa F12 muda mrefu wa mchana, na ilibidi nimpe habari mbaya kwamba safari hii tmp haina hatia.

Ubaya mkubwa wa folda moja kwa kazi zote, hata hivyo, si kuificha kazi bali kuzichanganya kazi. Blender, isipokatazwa, huandika juu ya faili lolote lenye jina lile lile, na kwa kuwa kila mradi huanza na 0001, mradi wa leo huukanyaga wa jana. Wiki moja nilikuwa na tangazo la mlima lililokwisha na kadi ya harusi ya fremu 125 niliyoirenda baadaye. Nilipoziunganisha picha za tangazo kuwa video, bwana na bibi harusi walitokea wakitabasamu, wakashikana mikono, na kwenye sekunde ya tano wakageuka kuwa Kibo. Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu, kisha nikakumbuka kwamba nusu ya tangazo la watu haipo tena.

Dawa yake ni rahisi, na ndiyo sehemu ya programu hii ninayoipenda kuliko zote. Badala ya anwani ya awali, andika mikwaju miwili iliyoegemea mbele, yaani //, ambayo kwa Blender maana yake ni “folda ile ile uliyohifadhi mradi huu.” Ukiandika //fremu/mlima_####, programu itaunda yenyewe folda ya fremu kando ya mradi, na ndani yake itaandika mlima_0001.png, mlima_0002.png na kuendelea, kila alama ya reli (#) ikisimama badala ya tarakimu moja. Angalia mkwaju wa mwisho: //fremu/ ni folda, lakini //fremu bila mkwaju ni mwanzo wa jina la faili, na utakuta fremu0001.png zimetapakaa kandokando ya mradi wako kama maharage yaliyomwagika. Mradi wenyewe uhifadhi kwanza, kwa kuwa mikwaju hiyo haina pa kuelekeza iwapo mradi hauna mahali. Mimi niliifungua Blender ikiwa tupu, nikaandika anwani hiyo, kisha kupitia menyu ya File na Defaults nikaihifadhi kuwa faili la kuanzia, na tangu hapo kila mradi mpya huzaliwa nayo. Miradi ya zamani haibadiliki, kwa sababu kila mradi hubeba anwani yake ndani. Ndiyo maana mradi ulioletwa na rafiki kutoka Arusha ulikuwa ukitafuta diski E, ambayo kumbe ilikuwa flashi yake aliyoondoka nayo.

Swali la mahali haliachani na swali la umbo. Blender inaweza kukuandikia video moja kwa moja badala ya picha, na wanaoanza huipenda njia hiyo kwa sababu faili ni moja. Siwashauri. Umeme ukikatika kwenye fremu ya 200, video ya MP4 ambayo haikufungwa vizuri kwa kawaida haichezeki kabisa, na saa zote zile zimepotea, ilhali picha 199 za PNG zimebaki salama. Ukiondoa tiki kwenye Overwrite na kuamuru tena, programu itaziruka zilizopo na kuanzia pale ilipoishia. Ila faili la mwisho likague, kwa kuwa umeme unaweza kukatika likiwa nusu. Baadaye picha hizo huunganishwa kuwa video ndani ya Blender yenyewe, kwenye sehemu yake ya kuhariri video, kwa dakika chache tu. Gharama yake ni nafasi: picha zangu za upana wa pikseli 1920 hula kati ya megabaiti mbili na tatu kila moja, kwa hiyo sekunde kumi zinaweza kukaribia megabaiti 750.

Kwa kulinganisha, OpenToonz, programu nyingine ya bure ambayo naitumia kwa katuni bapa, huweka kazi zake kwenye folda iitwayo outputs ndani ya mradi, na jina hilo peke yake linatosha kumwongoza mtu. After Effects, programu ya kulipiwa ya Adobe, huonyesha anwani kwenye foleni ya kurenda kama maandishi ya kubofya, kabla hujaamuru lolote. Zote mbili zina usumbufu wake ambao si wa leo, lakini katika hili zimemfikiria mtumiaji mapema zaidi. Blender imemwachia ajifikirie mwenyewe.

Ningeipa nyota nne na nusu kati ya tano, na ile nusu nimeinyima kwa ajili ya tmp peke yake. Kwa anayeanza nasema aisakinishe leo, lakini kabla ya kuchora hata mchemraba mmoja afungue kichupo cha printa na kuandika ile mikwaju miwili.

Nilipokuwa nikiandika haya nilifungua C:\tmp kwenye kompyuta yangu ya zamani. Picha zilikuwa bado zipo. Fremu ya 0001 hadi ya 0125 zilikuwa za maharusi wale, na kuanzia ya 0126 jua lilikuwa limeshapita Mawenzi.