Kabla hujanunua atlasi ya anatomia, fungua kwapa

Mwaka wa kwanza wa udaktari nilinunua atlasi, kitabu cha picha za mwili wa mtu, barabarani kwa 35,000, nikajiona mjanja maana dukani nilitajiwa bei nikacheka tu nikatoka. Jalada linang'aa, muuzaji anaapa "dokta wangu hii orijino kabisa". Siku ya praktikali pini imechomekwa kwenye mkono wa maiti, nikaandika vena basilika, mshipa wa damu, bila wasiwasi wowote. Ilikuwa neva ya ulna, mshipa wa fahamu. Kurudi hosteli nafungua kitabu nakuta neva na vena zote kijivu kama maji ya kufulia.

Basi mambo ya idadi ya picha sijui uzito wa karatasi mtayasoma kwingine, mimi naangalia njano tu. Atlasini ateri nyekundu, vena bluu, neva njano, lakini maiti iliyolala kwenye fomalini, ile dawa ya kuihifadhi, haina hizo rangi, kila kitu kahawia kahawia, kwa hiyo usipokariri kitabuni nani kapita wapi mezani utabahatisha. Na kwenye kopi feki njano ndo inatangulia kufa. Ukishika kitabu fungua ukurasa wa kwapa, tafuta ateri ya kwapa halafu ile herufi M ya neva iliyokaa mbele yake. Kama unaiona bila kukunja uso, nenda kwenye shavu, pale matawi matano ya neva ya uso yanapochomoza kwenye tezi ya paroti, ile ya mate, maana tezi nayo ina kaunjano kake na kopi mbovu hapo inageuka uji mtupu.

Kwenye orodha yangu namba moja ni atlasi ya Netter, na ndiyo, napendelea, mnisamehe. Frank Netter alikuwa daktari na mchoraji hapo hapo, atlasi ilitoka 1989, na njano yake unaiona hata kwa taa ya hosteli yetu. Toleo la zamani chukua tu, neva hazijahama. Ila angalia, kuna lililopangwa kwa mifumo (wa damu, wa neva) na lililopangwa kwa maeneo (mkono, kichwa), kama chuoni mnapasua kwa maeneo usije ukabeba la mifumo ukaanza kuruka kurasa na glavu mkononi.

Namba mbili Gilroy, rangi kali, na majedwali ya misuli yapo palepale pembeni ya picha, ukichoka kusoma maelezo marefu utalipenda. Tatu Grant, lipo tangu 1943, michoro yake imetokana na miili iliyopasuliwa kweli, kwangu mimi limepoa kidogo rangi. Rohen ni picha za maiti halisi, hilo azima wiki ya mwisho kabla ya praktikali, lisiwe la kwanza.

Huna hela? PDF kwenye simu. Fotokopi nyeusi na nyeupe hapana.

Kinachoniuma ni bei. Ukipita na koti jeupe kitabu kinapanda palepale, rafiki yangu anayesoma sheria nilimtuma akatajiwa pungufu kwa 15,000, kitabu kilekile, mtu yuleyule! Na ukirudi kulalamika eti "dokta si ulikagua mwenyewe". Juzi nimepita tena, rundo jipya limefungwa nailoni, nikaomba nifungue moja nione kwapa. Kakataa, anasema nikifungua nimenunua.