Cape Agulhas: anza na mnara, jiwe la picha litakusubiri

Wengi wanaofika Cape Agulhas, ncha ya kusini kabisa ya Afrika, hukimbilia lile jiwe la mpaka wa Bahari ya Hindi na Atlantiki. Picha mbili tatu, halafu haoo, wanaondoka. Usitarajie kuona mstari majini. Mpaka wenyewe ni wa kwenye ramani, na maji ni yaleyale kushoto na kulia. Ukiniuliza mimi, kilichonilipa ule mwendo mrefu kutoka Cape Town ni mnara wa taa.

Ni mweupe, una mkanda mwekundu, na taa yake iliwashwa mara ya kwanza tarehe 1 Machi 1849. Siku hizo hakukuwa na umeme, basi walichoma mafuta ya mikia ya kondoo. Niliposikia hivyo nilicheka, lakini ukijua historia ya pwani hii kicheko kinakata. Mwaka 1815 meli ya Arniston ilipotea hesabu: waliokuwemo walidhani wameshaipita Rasi ya Tumaini Jema, wakageuza kuelekea kaskazini, wakagonga miamba mashariki ya hapa. Watu 372 walikufa, wakapona sita tu. Mnara ulikuja zaidi ya miaka 30 baadaye.

Kupanda ni vidato 71. Idadi si kubwa, shida ni mwinuko: ngazi zimesimama wima kama za kupandia darini, na kushuka unashuka kinyumenyume. Vaa viatu visivyoteleza, na mkoba mkubwa uache chini. Juu, upepo unakupiga usoni mpaka machozi yanatoka, lakini hapo ndipo unaelewa. Mawimbi yanapasuka mbali na ufuko, mahali ambapo kwa macho ya kawaida ungesema ni bahari tupu. Miamba imejificha humo.

Chini kuna makumbusho madogo ya minara ya taa. Yapitie ukimaliza kupanda. Jengo ni la mawe ya chokaa, na hewa ya chumvi iliyala hadi likaachwa mwaka 1968, taa ikahamishiwa kwenye mnara wa alumini. Baada ya ukarabati ilirudishwa mwaka 1988, na inafanya kazi mpaka leo, ikimweka kila sekunde tano.

Nyota tano. Mwenye magoti mabovu au anayeogopa urefu aipunguzie mbili, abaki kwenye makumbusho.