.30-06 au .300 Winchester Magnum kwa anayejaza risasi mwenyewe

Risasi hizi mbili za bunduki ya kuwindia zina kichwa (kipande kinachoruka) kilekile, kipenyo milimita 7.82. Cha greni (kipimo cha uzito) 180 hutoka kwa takriban mita 820 kwa sekunde kwenye .30-06 ya mwaka 1906, karibu 900 kwenye magnum ya 1963. Kasi hiyo hula baruti kama robo zaidi, na bega lako ndilo hulipa kwa teke la bunduki. Mtu wa Mwanza mwenye kibali cha nyumbu, vichakani upande wa Maswa, ndani ya mita 200, .30-06 inamtosha kabisa.

Ganda la magnum lina mkanda kitakoni. Ukilirudisha umbo ili ulijaze tena na kusukuma bega lake (pale linapoanza kuwa jembamba) chini mno, hutanuka likipigwa, mwishowe hukatika juu kidogo ya mkanda. Kulikagua, pitisha ndani waya uliopindwa ncha. Ukikwama kwenye kijifereji, dalili kwamba ukuta umeanza kukonda, tupa ganda.